Kaka Kitini, Dada Nyuma ya Jiko

Mtu wa kwanza kunishika hapa duniani ameitwa mulozi, yaani mchawi, na waliomwita hivyo ni watu ambao yeye mwenyewe aliwapokea wakitoka matumboni mwa mama zao. Naanza na hilo kwa makusudi. Nikianza na wema wake nitalainika, nami sitaki kulainika kabla sijamaliza.

Jina lake nalijua lakini silitaji, limeshachezewa vya kutosha. Mtaani kwetu Kasongo tulimwita Mama Muzalishaji, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuzalisha, basi nami hapa nitamwita Mzalishaji. Habari za ukoo wake ziacheni. Aliolewa na Mwislamu wa mjini, sasa marehemu, akawa anaswali, kaka yake kule Kabambare akabaki na rozari yake, na walipokutana walikula sahani moja. Ukimuuliza juu ya dini za watu aliowazalisha alikujibu, "Kitovu hakina dini. Kinangoja mukasi tu."

Mimi ni mshonaji. Cherehani yangu iko barazani, inatazama mlango wake ng'ambo ya uzio wa matete, na kwa miaka mingi kila nilipoinua macho kutoka kwenye pindo la kikwembe, yaani kitenge, cha mtu nilimwona yeye: anachambua mchele, ananawa mikono, anamfokea mtu. Kunawa ndiko kulikozidi. Alinawa kabla ya kazi, katikati ya kazi na baada ya kazi, kwa ile sabuni nyeusi ya mawese, mpaka ngozi ya vidole ikapasuka. Akikusalimu hakukupa mkono kama watu wengine. Alikukamata kidole gumba, akakubana ukucha, akatazama damu inavyorudi. Ikichelewa alikuambia mbele za watu, "Weye unakula nini? Damu yako ni maji. Enda ukapike sombe." Sombe ni kisamvu chetu.

Na watu hakuwaita kwa majina yao, aliwaita jinsi walivyozaliwa. Mwenye duka la chumvi, mtu mzima mwenye kitambi na kofia safi, kwake alikuwa Matako, maana siku ya kuzaliwa alitanguliza matako. Jirani yangu wa upande wa pili alizaliwa na kitovu kimemzunguka shingo, basi akaitwa Kitanzi hata baada ya kupata mume na watoto. Mimi nilitanguliza miguu. Nimeolewa naitwa Miguu, nimekuwa mjane naitwa Miguu, nimepata wajukuu, bado Miguu.

Hadithi ya kuzaliwa kwangu aliisimulia kila nilipokwenda kuomba moto au chumvi kwake. Bibi yangu mzaa mama, Zaina, ambaye mimi ni somo wake kwa kuwa jina lake ndilo nililopewa, alikuwa amemshika mama mgongo. Nikatoka miguu kwanza, kimya, rangi ya majivu. Mzalishaji akanishika vifundo, akanigeuza kichwa chini, akanipiga. Bibi akapiga ukelele, "Unamupiga mutoto wa watu!" Naye akamjibu, "Acha alie, Zaina. Anayelia anapumua." Ndipo nikalia. Akifika hapo alicheka mpaka akakohoa, kisha akaongeza, "Na tangu siku ile haujanyamaza."

Ni kweli, sijanyamaza.

Ulimi wake ulikuwa mkali. Mwanamke akilia kwa uchungu alimwambia, "Ulipokuwa unacheka na bwana yako haukuniita, leo unaniita nikubebee?" Wenye haya walifumba uso. Lakini mtoto akishatoka salama, mama akishasafishwa na kulala, Mzalishaji alikwenda nyuma ya nyumba, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa, akaficha uso ndani ya kikwembe, akalia peke yake. Nimemwona mara nyingi kutoka kwenye cherehani yangu. Sikumwuliza, naye hakuniambia.

Wanaume aliwaweka mahali pao. Baba anayetembeatembea uani akimsumbua, alimpa ndoo aende kisimani, na akirudi alimtuma tena. Na ole wake baba aliyenuna kwa sababu amepata binti. Nilimsikia akimwambia mmoja, mtu wa heshima zake, "Unanuna? Njoo nikurudishe weye tumboni, tuone kama utatoka na akili." Katika nyumba kama hiyo hakula wala hakunywa maji. Alichukua mkasi wake na sabuni yake, akaondoka.

Sasa niseme na ubaya wake. Nilipokuwa mtoto palikuwa na bibi mmoja upande wa soko aliyezunguka mchana kweupe bila nguo, akigonga milango ya watu na kuuliza kama hapa ndipo kwao. Watu walisema ameanguka kutoka kwenye ungo, ule ambao walozi husafiria. Na Mzalishaji, mtu wa sabuni na mkasi, mtu aliyewacheka wenye hirizi, alisema vivyo hivyo. Alikataa unga wa yule bibi. Aliwaonya wazazi wapya wasimwache apite karibu na mlango. Sisi watoto tulimfuata tukimwimbia, na mimi sauti yangu ilikuwa kubwa. Yule bibi aliishia kwenye kibanda cha shamba, na mwisho wake sikuuona wala sikuuliza.

Kusahau kwa Mzalishaji kulianza na chumvi. Alitia chumvi kwenye sombe, akatia tena, akatia tena, akanipakulia, nikala kwa heshima. Kisha akaanza kuniuliza leo ni siku gani, mara tano kabla ya adhuhuri. Kisha nikamkuta kona ya msikiti, amesimama na kikapu, anazitazama njia tatu asijue ashike ipi. Nikajisemea, ni uzee. Neno hilo uzee ni gunia, tunatia kila kitu humo tukafunga.

Halafu likaja jambo la mkasi. Nilikuwa nimezungukwa na wateja, nampima bibi harusi, akaja mpaka barazani akaninyooshea kidole. "Miguu, rudisha mukasi yangu. Nimekuona ukichukua." Mimi! Mwenye mikasi mitano ya kwangu! Mbele ya watu! Niliwaka. Nikamjibu maneno ambayo mtu hamwambii aliyemzalisha, na mwezi mzima sikumpa salamu. Mkasi ulionekana ndani ya debe la unga, umefungwa kwa kitambaa safi, kama anavyofungiwa mtoto mchanga. Mwezi ule wote alikuwa anapotea mbele ya macho yangu, nami nimekaa nimenuna. Naliandika na hilo, isije ikaonekana hasira yangu ni kwa wengine peke yao.

Nilipompelekea mkasi nilimkuta katika saa yake nzuri, maana saa nzuri zilikuwa bado zinakuja. Akaugeuzageuza mkononi. Akasema, "Miguu, nimepoteza njia ya kutoka sokoni. Njia niliyopita maisha yangu yote." Akaendelea, "Yule bibi wa sokoni hakukuwa mulozi. Alikuwa anatafuta kwao tu. Na miye nilikataa unga yake." Akalia, akainuka, akanawa mikono. Tulipokwisha kunywa chai aliniuliza nani amekufa, mbona macho yake yana machozi.

Cha ajabu, ugonjwa ulichukua majina, ukachukua siku, ukachukua njia, lakini jinsi watu walivyozaliwa haukuweza kuichukua upesi. Alisahau kama mwenye duka ni mwenye duka, hakusahau kwamba alitanguliza matako. Na waliokufa alisahau kwamba wamekufa. Hapo ndipo mtaa ulipompata.

Kwetu mtoto hupewa jina la bibi yake, na pamoja na jina hupewa heshima ya yule bibi. Kitoto cha miaka mitano unaweza kukiita "mama mukwe", ukakipa na kigoda, watu wakacheka, si kosa. Binti wa Kitanzi aliitwa Mwajuma, jina la mama mkwe wa Kitanzi, ambaye ni marehemu. Mwajuma yule mkubwa alikuwa shoga wa Mzalishaji wa miaka na miaka. Wawili hao ndio waliokuwa wakienda kijitoni pamoja kuloweka mihogo, na kurudi baada ya siku kadhaa kuitoa.

Basi Mzalishaji akawa anamwita yule mtoto juu ya uzio, "Mwajuma, shoga yangu, mbona uliondoka bila kuniaga?" Watu walicheka. Walidhani ni utani wa somo, utani ambao sisi sote tunaufanya. Yeye hakuwa anatania. Siku moja akamshika mtoto kidole gumba, akabana ukucha, akamwambia, "Twende basi. Umeningoja sana. Tumeacha mihogo mu maji." Siku ya pili yake mtoto akashikwa na homa, akatetemeka, macho yakageuka.

Ilikuwa malaria. Nani Kasongo hajui malaria ya mtoto? Walimkimbiza kwenye kituo cha afya, akatundikiwa maji, na kabla ya Ijumaa alikuwa anafukuza kuku. Lakini neno lilikuwa limeshasikika. Mama muzee amesema na marehemu, amemwambia twende, mtoto akaugua. Mtoto akapona, neno halikupona.

Wakaja asubuhi, chai yangu haijachemka. Walijaa uani kwake mpaka kwenye uzio, na mbele yao wote Kitanzi, ana jiwe mkononi. Nikaruka uzio, umri wangu huu, nikasimama mlangoni.

"Alimwita mutoto wangu waende kwa wafu!" Kitanzi alipiga kelele.

"Alimwita mama mukwe wako waende kutoa mihogo," nikamwambia.

"Mama mukwe yangu alikufa!"

"Ndiyo hiyo yeye amesahau!"

"Mutu anasahau kama mutu alikufa? Tangu lini?"

"Mutoto wako iko wapi sasa?"

"Iko nyumbani. Anacheza."

"Anacheza! Basi umekuja kutafuta nini hapa? Ulizaliwa na kitanzi mu shingo, Kitanzi. Ni mikono gani iliyokifungua?"

Akainamisha macho. Hapo nyuma yangu mlango ukafunguka, Mzalishaji akatoka. Alitazama umati ule, wanawake, wanaume, vijana, mawe. Katika maisha yake yote, watu wakijaa mlangoni kwake asubuhi wakipiga kelele, maana yake ilikuwa moja. Akauliza, "Nani anazaa? Ngojeni ninawe mikono."

Wengine waliona haya wakageuka, namshukuru Mungu kwa hao. Lakini kuna mmoja nyuma alirusha, sikuona ni nani, na jiwe lilimpiga begani. Hakulia. Aliniuliza tu, "Miguu, wanarusha nini?" Lo! Hata leo nikiwa nakata kitambaa nikakumbuka swali lile, mkasi unaniendea upande.

Nilimpandisha pikipiki nikampeleka kituo cha afya. Alikuwa ameshapelekwa mara tatu, na mara tatu alipewa dawa ya malaria bila mtu kumshika hata tumbo. Safari hii nilikaa kwenye benchi la muganga nikamwambia siondoki. "Bega nimeona, ni jiwe. Miye nataka uangalie mutu muzima." Muganga alikuwa kijana mpole. Akaona haya, akamlaza, akamgusa chini ya kitovu, naye akaruka kama ameungua. Wakapima mkojo. Kibofu kilikuwa na maambukizi, kinawaka ndani, na hakuna aliyejua, kwa sababu mwenyewe hakuwa na maneno tena ya kusema panauma wapi.

Muganga akanieleza taratibu, nami nayarudia alivyoyasema. "Mama, iko vitu viwili, usivichanganye. Cha kwanza ni huu moto wa kibofu. Kwa mama muzee unaweza kuvuruga akili ghafla, hata bila homa. Hiyo nitaizima kwa dawa. Cha pili ni ugonjwa wenyewe wa kusahau. Unakula ubongo polepole. Ile sina dawa yake." Akasema mwili wa kijana ukipigana na ugonjwa huwasha moto, na ukishinda huuzima. Mwili uliozeeka haujui tena kuzima vizuri. Makaa hubaki chini ya jivu, yakichoma kidogo kidogo, na wataalamu wanaona makaa hayo nayo yana mkono katika ugonjwa wa kusahau. Akasema pia kwamba wanawake huupata zaidi ya wanaume.

"Kwa nini?" nikamwuliza.

"Wengine wanasema ni kwa sababu mwanamuke anaishi miaka mingi kupita mwanaume. Wengine wanasema damu ya mwezi ikikoma, mwili unapoteza ulinzi fulani, na ule moto unapata nafasi. Hawajamaliza kubishana, mama. Nisikudanganye."

Hawajamaliza! Watu wenye vipimo na vitabu wanakiri hawajamaliza, na mtaa wetu ulimaliza asubuhi moja kabla ya chai. Niliomba aandike, akaandika, akagonga muhuri. Nikampelekea Kitanzi karatasi. Akaisoma yote, maana shule alisoma, akanirudishia. "Karatasi inasema nini juu ya ungo yake?" akaniuliza. Siku hiyo nililichana gauni lake nililokuwa namshonea, nikamrudishia kitambaa vipande vipande. Watu walisema nimekosa adabu. Sawa, nilikosa.

Dawa ya kibofu ilimsaidia. Akaacha kutetemeka, akaacha kuamka akitafuta mkasi, akawa anakula. Kusahau kukabaki palepale. Na mawe yakabaki, kila siku moja au mawili juu ya bati. Ndipo mwanawe alipokuja. Alizaa mara moja tu, yeye aliyezalisha mtaa mzima, na huyo mwana anaishi Kabambare, kijijini kwa mjomba wake, kwenye njia ya kwenda Salamabila. Alimfunga mama yake kwa kikwembe mgongoni mwake juu ya pikipiki, asianguke. Nikamwambia, "Alale ndani. Apewe maji, maji mengi, hata akikataa. Mkojo ukibadilika rangi umupeleke kwa muganga siku ileile." Akaniapia, "Ndiyo, mama. Ni mama yangu." Nami nikabaki na ufunguo wa nyumba yake, nikiamini kwamba kwa ndugu zake wa damu atakuwa mtu tena.

Nilimwona tena baada ya miezi mitatu. Shule moja upande wa Salamabila iliniagiza sare za watoto, nikazifunga kwenye pikipiki, nikamwambia dereva tupite kijijini kwa mjomba.

Mbele ya nyumba palikuwa na mabenchi mawili yamejaa watu, na katikati, kwenye kiti cha mbao chenye mto, ameketi kaka yake Mzalishaji. Nilimfahamu tangu zamani, alikuwa akija Kasongo na magunia ya mchele. Nikamsalimu, akanijibu vizuri, akaniuliza habari za mume wangu, ambaye yeye mwenyewe alimzika pamoja nasi. Kisha akamgeukia mtu kwenye benchi, akamwita kwa jina la chifu aliyekufa zamani, akamuuliza kama amerudisha mbuzi. Nikasema moyoni, ala! Na huyu pia. Huyu pia amesahau, na kwa njia ileile, kama ndugu wanavyofanana pua.

Lakini watu wa mabenchini hawakushika mawe. Waliinamisha vichwa. Mmoja akaninong'oneza kwa heshima, "Muzee anasema na wakubwa waliotutangulia. Tunakuja kumusikiliza. Neno lake hapa halirudishwi." Mtoto wa dada yake, yule aliyeniapia, alisimama pembeni na bilauri ya maji kumnyweshea. Nikajua baadaye kwamba mzee huyo walimfikisha Kindu kwa waganga wakubwa wa hospitali, safari mbili.

"Mama yako iko wapi?" nikamwuliza.

"Iko... iko nyuma."

Nilikwenda mwenyewe. Nyuma ya jiko palikuwa na kibanda cha kuni, na ndani yake mkeka, na juu ya mkeka Mzalishaji. Midomo imekauka, miguu imevimba. Mikono yake, ile iliyopasuka kwa sabuni, ilikuwa michafu mpaka chini ya kucha. Hilo la mikono ndilo lililoniua. Nilimnywesha maji vikombe vitatu mfululizo, nikatafuta sabuni, nikamnawisha. Mwanawe alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Uliniapia," nikamwambia.

"Mama, watu wanaogopa. Habari ya Kasongo ilitutangulia kufika. Anaita watoto kwa majina ya wafu."

"Na mujomba wako anaita nani? Anaita walio hai? Nimemusikia sasa hivi!"

"Mujomba ni mwanaume. Ni muzee wa kijiji. Kwake ni... ni tofauti."

"Tofauti gani? Ugonjwa ni mumoja! Tumbo lililowazaa ni moja! Mumoja amepewa kiti na mwingine amepewa kuni!"

Nikamwinua Mzalishaji, nikamshika kiuno, tukatembea polepole tukazunguka nyumba mpaka mbele. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu wale wa mabenchini waitazame miguu yake na midomo yake, kisha waendelee kusikiliza mababu kama wataweza.

Kaka mtu akainua macho. Alimtazama dada yake kwa muda mrefu, uso ukaanza kumlegea, kisha yule mzee ambaye walisema hainuki bila watu wawili akainuka peke yake.

"Mama," akasema.

Ni kweli wanafanana, Mzalishaji na marehemu mama yao, watu wazima wa kijiji wote husema hivyo. Alimjia akamshika mikono yote miwili. "Mama, wamekuweka wapi?" Kisha akawageukia watu. "Mama yangu analala wapi?"

Akawapitia kwa macho, benchi la kwanza kisha la pili.

"Nimeuliza. Mama yangu analala wapi?"

"Nyuma ya jikoni, mujomba," mwana akasema.

"Nani aliweka mama yangu nyuma ya jikoni?"

Akamwongoza mwenyewe mpaka kwenye kiti chake, akamkalisha, yeye akaketi chini kwenye mavumbi miguuni pake. Na mabenchi yote yakainuka. Mmoja akakimbilia mkeka mpya, mwingine maji, wanawake wakaingia ndani kutandika kitanda, na yule aliyeninong'oneza akawa anarudia, "Muzee amesema. Muzee amesema." Neno lake halirudishwi. Wao wenyewe ndio walioliweka hivyo, sasa likawafunga.

Mnadhani nilifurahi? Nilitaka kuwatemea mate. Mimi nilisema Kasongo mpaka sauti ikakauka. Muganga alisema kwa karatasi na muhuri. Mwenyewe alisema kwa midomo iliyokauka. Hakuna aliyesikia, mpaka mwanaume asiyejua leo ni siku gani alipokosea akamwita mama. Dada alimdhania mtoto kuwa marehemu, akapigwa mawe. Kaka alimdhania dada kuwa marehemu, kikatandikwa kitanda. Nilikipokea kitanda kwa niaba yake, sikukikataa, nikamwandikia mwanawe kila kitu kuhusu maji na mkojo, na mara hii nilimsomea mbele ya mjomba wake, neno kwa neno, na mzee akaitikia ndiyo kila mstari. Nikaona nami nimejifunza kuutumia ujinga wao. Lakini ufunguo wa nyumba yake bado ninao, na bati lake lililopondwa na mawe nimelipiga misumari upya, siku akirudi.

Kabla sijaondoka nikachuchumaa mbele ya kiti kumuaga. Alinikamata kidole gumba, akakibana ukucha, akatazama damu. Kisha akanitazama uso. Nimefikia umri aliokuwa nao bibi yangu siku ile nilipozaliwa, na wanaomkumbuka bibi husema ndiye mimi mtupu.

"Zaina," akasema. "Yule mujukuu yako aliyekuja na miguu, alipona?"

Jina ni langu, nikalivaa kama lilivyovaliwa kabla yangu.

"Alipona, shoga."

"Iko je?"

"Iko mukubwa. Anashona. Lakini iko na hasira nyingi, analia kila siku, watu wamemuchoka."

Akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, vilevile kama barazani kwake Kasongo. "Acha alie, Zaina," akasema. "Anayelia..."

Akasita. Midomo ikatafuta, haikupata. Akanikazia macho nimsaidie, na mkono wake ulikuwa bado umeshika kidole changu.

"Anapumua," nikamwambia.